Piano ya Kuazima na Jina la Chuo

Mtu aliyepata kuingia katika chumba cha mazoezi cha chuo cha muziki anafahamu kuwa piano ya mahali hapo haina mapumziko: tangu asubuhi hata usiku wanafunzi hupokezana vibonye vyake 88, na nyundo zake ndogo zilizovikwa sufu iliyoshindiliwa, kwa kuzigonga nyuzi za chuma zipitazo 200, huchimbika mifereji mpaka sauti iliyokuwa laini ikawa kali kama ya bati.

Kwa kuwa bei ya piano kubwa ya ukumbini ya kampuni ya Steinway hupindukia dola 100,000, vyuo vingi vya Marekani vimefanya mwafaka na wauzaji: muuzaji huleta piano mpya, chuo huzitumia mwaka wa masomo bila ya ijara, kisha huuzwa kwa umma katika mauzo ya siku chache yafanywayo chuoni kwa jina la chuo, na wazazi na wahitimu wakapelekewa barua za mwaliko.

Wanafunzi hupata vyombo vipya, na faida hiyo siikanushi. Lakini kuiita ya bure ni kukosea hesabu, maana ujira wa fundi wa kuzirekebisha sauti aghalabu hukiangukia chuo, na miaka kumi ikiisha hakina hata piano moja iliyo milki yake. Linaloniuma zaidi ni kwamba baadhi ya piano za mauzo hayo hushushwa kwenye lori siku chache kabla, hazijaguswa na mwanafunzi yeyote, ilhali mzazi amtafutiaye mwanawe piano huzinunua kwa kuliamini jina lililoandikwa mlangoni. Jina hilo ni amana ya walimu waliotangulia; haifai kulifanya rehani.

Ijara ya kulipa kidogo kidogo hata milki ihamie ina insafu zaidi. Na wapo wanaozimiliki piano zao: Chuo cha Oberlin, katika jimbo la Ohio, kimekuwa na piano za Steinway tangu mwaka 1877, na leo kinazo zaidi ya 200. Chuo cha mali chache hakiwezi kukifuata, lakini kinaweza kununua piano nne zilizokwisha tumika, ambazo mbao zake za sauti hazijapasuka, na kabla ya kutafuta ya tano kikaandika katika bajeti yake mshahara wa fundi atakayezichonga upya nyundo na kukaza nyuzi, moja baada ya moja, kila muhula.