Gari la Jumuiya Limenoki: Nani Ataulizwa?



Wapenzi wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu, mmezoea kutuona hapa na masuala ya swala, mirathi na malezi. Leo tutaingia gereji. Msidhani tumeiacha dini nje ya mlango. Tumeikuta huko huko ndani, imelala chini ya boneti la Prado.

Gari lenyewe lilinunuliwa kwa mchango. Wafanyabiashara wa Mbarara walitoa, familia za Nakivale zenye ndugu ughaibuni zikatoa, na wapo kina mama waliotoa shilingi elfu mbili mbili. Lilikuwa Prado la dizeli lililotumika Japani, jeupe, la kupendeza. Kazi yake ilikuwa kuwabeba walimu kutoka Mbarara hadi madrasa za makazini na, ikihitajika, kumkimbiza mgonjwa au mama mjamzito.

Siku moja tulikuwa tunaelekea kwenye hafla ya wanafunzi waliohitimu juzuu. Masheikh tumejaa, kanzu zimepigwa pasi. Dereva akasema, "Ustadhi, taa ya oili inawaka na kuzima." Tukamjibu twende tu, watu wanasubiri, Allah atatufikisha. Hazikupita kilomita nyingi injini ikaanza kugonga kama mtwangio kwenye kinu, kisha ikanyamaza. Tukamaliza safari kwa bodaboda, kanzu nyekundu kwa vumbi.

Fundi alipofungua injini alituonyesha chujio dogo lililo chini kabisa, ambalo pampu huvutia oili. Lilikuwa limezibwa na masizi mazito kama ukoko wa ugali. Beringi za krenki zimelika. Bei ya injini nyingine ilizidi mishahara ya mwaka mzima ya walimu wetu kadhaa. Muhula ule madarasa mawili ya Nakivale yalikaa bila mwalimu.

Kwanza tulimlaumu dereva. Kisha tukakumbuka kwamba alikwishaomba oili mara tatu, na mara zote tatu tulimwambia asubiri mwisho wa mwezi.

Ndugu zetu, injini hizi hazifi kwa bahati mbaya. Chukueni injini ya 1KD-FTV ya lita tatu, iliyofungwa kwenye Prado nyingi tangu mwaka 2000. Ni injini nzuri, lakini mafundi wanaujua udhaifu wake. Chini ya nozeli kuna washa ndogo za shaba. Zikichoka, moshi wa mwako hupenya na kuingia kwenye oili. Oili inageuka lami, lami inaziba lile chujio, na beringi zinakosa ulainisho. Washa ya bei ndogo inaua injini ya mamilioni. Wenye Land Rover Discovery 3 ya dizeli, V6 ya lita 2.7, nao wasicheke: injini hiyo inajulikana kwa kukatika krenki, na oili iliyochakaa haiisaidii.

Wazee watasema, mbona Land Cruiser za zamani hazikuwa hivi? Kweli. Injini ya 1HZ, silinda sita bila tabo, iliyokuja mwaka 1990, ina pampu ya kawaida na huvumilia mengi. Dizeli za kisasa hupeleka mafuta kwenye nozeli kwa shinikizo linalozidi baa 1,300. Kwa shinikizo hilo tone la maji au mchanganyiko wa mafuta ya taa ni sumu, maana dizeli ndiyo inayoilainisha pampu yenyewe. Nguvu na starehe tunazozipenda zimekuja na masharti yake.

Basi tuyataje masharti, kila nyumba na kila madrasa iyabandike ukutani:

1. Oili na filta yake zibadilishwe kila kilomita 5,000, bila kungoja mwisho wa mwezi. Na tukumbuke kwamba gari linalounguruma saa nzima nje ya msikiti ili ubaridi usitoke, injini yake imefanya kazi saa nzima ingawa kilomita hazikuongezeka. Nunueni oili kwa muuzaji mnayemwamini, na kopo tupu litoboeni lisije kujazwa oili bandia.

2. Filta ya hewa ikaguliwe kila wiki kwa anayepita njia za vumbi za Nakivale, pamoja na mpira unaotoka kwenye filta kwenda kwenye injini. Vumbi linaloingia kwenye ufa mdogo husaga pistoni na ringi kama msasa.

3. Rejeta iwekwe kulanti, si maji ya bomba wala ya ziwani. Maji matupu huleta kutu na huchemka mapema. Mshale wa joto ukipanda, simama na uzime. Usifungue kifuniko kikiwa cha moto. Kilomita mbili za ukaidi zinatosha kupinda silinda hedi.

4. Maji kwenye chujio la dizeli yamwagwe mara kwa mara, na taa yake ikiwaka isipuuzwe. Jazeni mafuta kwenye kituo kimoja mnachokiamini, na msinunue ya madumu kando ya barabara kwa sababu ni nafuu.

5. Baada ya mwendo mkali au kupanda mlima, injini iachwe ikiunguruma taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa. Tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na ukizima ghafla oili inakatika wakati bado ni ya moto.

6. Mkanda wa taimingi ubadilishwe kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukikatika, pistoni hugongana na valvu. Ukinunua gari lililotumika bila kumbukumbu, ubadilishe siku ya kwanza. Kwa 1KD, siku hiyo hiyo mwambie fundi akague washa za nozeli na afungue sampu aone lile chujio.

Neno hili la mwisho ni zito kwetu. Tangu mwaka 2018 Uganda imezuia kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15, lakini gari la miaka kumi linaruhusiwa, na limekwishatembea. Hatununui gari jipya. Tunanunua uzembe au uangalifu wa mtu mwingine, na hatujui ni upi.

Sasa turudi kwenye kiti chetu cha ualimu. Wanafunzi wetu wanajua kwamba mafaqihi walipozungumzia wakfu walisema mapato yake yaanze kuutengeneza wakfu wenyewe kabla ya kugawiwa wanufaika. Msikiti uzibwe paa kwanza. Sisi masomo haya tunayafundisha, kisha tukichangia gari tunachangia bei ya kununua tu. Picha zinapigwa, dua inasomwa, na siku ya pili hakuna shilingi ya filta.

Tunasoma dua ya safari kila tunapowasha gari, nayo inatukumbusha kwamba chombo kimetiishwa kwetu na hatukukiweza kwa nguvu zetu. Lakini ni nani kati yetu aliyevuta kijiti cha oili kabla ya kuisoma? Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza kisha amtegemee Mola. Sisi siku ile tuliacha kamba na kushika tegemeo.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Kila jumuiya yenye gari iweke akiba ya matengenezo kwa kila safari, fedha isiyoguswa kwa jambo lingine. Liwepo daftari ndani ya gari: tarehe, kilomita, oili, filta, na jina la aliyekagua. Dereva apewe mamlaka ya kusimama taa ikiwaka, hata kama nyuma amekaa sheikh. Na kama akiba hiyo hatuiwezi, tusilinunue gari hilo. Hiace iliyo nzima inafika Nakivale, na mwalimu aliyefika kwa bodaboda kwa wakati ni bora kuliko Prado lililolala gereji Mbarara. Kununua tusichoweza kukitunza kwa ajili ya macho ya watu ni israfu, hata kikiandikwa jina la madrasa ubavuni.

Gari letu lilipata injini nyingine baada ya miezi mingi. Dereva ni yule yule. Tulimwomba radhi mbele ya kamati, kwa sababu lawama tulimtupia mbele ya kamati. Siku hizi akisema "Ustadhi, tusimame," tunasimama.

Wale kina mama wa shilingi elfu mbili hawakutuuliza kitu. Hilo ndilo linalotutisha, kwa sababu yupo atakayetuuliza.

Wabillahi tawfiq.