Kopo la Bakteria Halijapita Idete

Kikundi kimoja cha kuweka na kukopa, katika moja ya vijiji vya bonde la Kilombero, kimeamua kuchota mfuko wa jamii na kumnunulia mwanachama wake makopo ya vidonge vya "bakteria wazuri". Mwanachama huyo ni mama ambaye tangu maji yazoe mpunga wake hapati usingizi, chakula kinamshinda, na vikaoni huja akakaa kimya mpaka watu watawanyike. Muuzaji alikaribishwa kikaoni. Akaeleza kuwa sonona inaanzia tumboni, kwamba utumbo ukikaa sawa na akili hukaa sawa, na kwamba tafiti zimethibitisha. Mikono ikanyooshwa, azimio likapita.

Uamuzi huo ni mbaya na unafaa kutenguliwa. Huruma ya wanakikundi siibezi. Mfuko wa jamii upo kwa ajili ya kumshika mwenzao aliyekwama, na hawa angalau waliona kuwa mwenzao anaumwa. Ninachokikataa ni hiyo kauli kwamba tafiti zimethibitisha, tena ikitamkwa katika bonde hili, ambako wazazi wengi walio hai leo waliwahi kupeleka watoto wao kwenye utafiti na kusubiri majibu kwa miaka.

Wenye makopo wana hoja zao, tuzitaje. Utumbo na ubongo vinawasiliana kweli. Mshipa wa fahamu wa vagasi unateremka kutoka kwenye ubongo hadi tumboni na kupitisha habari pande zote mbili. Sehemu kubwa ya serotonini ya mwili hutengenezwa kwenye utumbo, ingawa hiyo ya tumboni haivuki kuingia kwenye ubongo, jambo ambalo wauzaji hulisahau. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kuwa panya waliokuzwa bila bakteria hata mmoja tumboni hupandisha homoni za taharuki kupita kiasi wanapobanwa. Mwaka 2017 huko Australia, Felice Jacka na wenzake waliwapa wagonjwa wa sonona ushauri wa chakula kwa wiki 12: mboga, jamii ya kunde, samaki, nafaka zisizokobolewa. Asilimia 32 walipona dalili zao, dhidi ya asilimia 8 ya waliopewa mtu wa kupiga naye soga. Na London, mwaka 2023, wagonjwa 49 waligawanywa, wengine wakapewa vidonge vya bakteria juu ya dawa zao za kawaida. Waliopata bakteria walionyesha nafuu zaidi. Hoja ni hizo.

Wapo pia wanaosema makopo ya nini na togwa tunayo. Hawa nawapenda zaidi. Uji wa mahindi unapikwa ukaiva, unaachwa upoe mpaka kidole kivumilie, kisha kimea cha ulezi kinakorogwa ndani na ndoo inafunikwa. Kesho yake uzito umekatika, uji unanyweka kama maji mazito, na uchachu wake unakaa pembeni mwa ulimi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, waliichunguza togwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakakuta imejaa bakteria wa asidi ya maziwa, akiwemo Lactobacillus plantarum, ambaye ni wa ukoo mmoja na wanaofungiwa kwenye makopo. Uchachu wake hufika chini ya pH 4, mahali ambapo vijidudu vingi vya kuharisha havistawi, na tafiti za miaka ya 1990 hapa nchini ziliona watoto waliolishwa uji uliochachushwa wakiharisha mara chache zaidi. Kwa hiyo togwa ina ushahidi, na ushahidi huo ni wa kuharisha. Kuinyanyua na kuifanya dawa ya sonona ni kuipa kazi ambayo haijawahi kufanyiwa usaili. Inywe kwa kuwa ni togwa, inatosha.

Kopo lenyewe nimelishika. Lebo ilihesabu bakteria kwa mabilioni na kuagiza lihifadhiwe mahali pakavu penye ubaridi. Lilikuwa juu ya meza ya mbao, kando ya stendi ya Ifakara, saa nane mchana wa Novemba. Bakteria ni viumbe hai na joto huwaua. Mwenye meza hakuwa na la kusema juu ya hilo.

Siku hizi makopo yamepata na waraka mpya wa kujifichia. Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti wa watafiti wa KCMC, Moshi, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi. Wanaume 77 wa Kilimanjaro walishiriki. Waliozoea chakula cha kijijini walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye soseji, mkate mweupe na viazi vya kukaanga. Waliozoea chakula cha mjini walihamishiwa kwenye ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka za asili. Wengine walikunywa mbege kwa wiki moja. Waliohamia chakula cha kizungu walionyesha dalili za mchochota kwenye damu, na waliorudi kwenye chakula cha asili au kunywa mbege wakaonyesha zikipungua. Utafiti mzuri, na heshima kwa nchi. Lakini walikuwa wanaume watupu, wazima, kwa wiki moja au mbili, na kilichopimwa ni damu. Furaha na huzuni hazikuwa sehemu ya majibu yake. Anayeutumia kumuuzia kidonge mama mwenye sonona ameusoma kichwa cha habari akaishia hapo.

Sasa twende Idete, kwa sababu shauri lote linaamuliwa pale.

Idete ni kijiji cha bonde hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilikuja kupimwa pale kitu kilichosubiriwa na dunia nzima: chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyotengenezwa na Manuel Patarroyo wa Colombia. Kwao Colombia ilikuwa imetoa kinga ya karibu asilimia 40. Kituo cha utafiti cha Ifakara, kilichoanza mwaka 1957 kama maabara ndogo ya Mswisi Rudolf Geigy na ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, kilishirikiana na Wahispania na Waswisi kuipima kwa watoto 586 wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano. Baadhi walichomwa chanjo, baadhi sindano isiyo na chanjo. Mzazi hakujua mwanawe kapata ipi, na aliyempima mtoto homa hakujua pia. Mwaka 1994 majibu yalitoka kwenye jarida la Lancet: asilimia 31.

Fikiria uzito wa namba hiyo hapa, ambako kila familia ilikuwa na kaburi dogo la malaria. Ilikuwa chanjo ya kwanza kuonyesha dalili ya kumkinga mtoto wa Afrika palipo na malaria kali kiasi hiki. Kama kulikuwa na wakati wa kutembeza bidhaa nyumba kwa nyumba na kusema tafiti zimethibitisha, ulikuwa huo. Haikufanyika hivyo. Ilirudiwa. Gambia, mwaka 1995, kwa watoto wachanga: asilimia 8, kiwango kisichotofautiana na bahati. Thailand, mwaka 1996: hakuna kinga. Kisha watoto wachanga wa bonde hili hili wakapewa pamoja na chanjo zao za kliniki: asilimia 2. SPf66 ikawekwa kando. Hakuna aliyekuwa tapeli katika habari hiyo. Watafiti walikuwa makini, jaribio lilikuwa safi, matumaini yalikuwa ya haki, na bado namba ya kwanza ilikosea.

Hilo ndilo linalopaswa kuwasumbua wenye makopo. Idete walikuwa watoto 586, na ugonjwa uliopimwa unaonekana kwa darubini. London walikuwa watu 49 na Australia 67, na ugonjwa unapimwa kwa kumuuliza mtu anajisikiaje. Australia huwezi hata kumficha mgonjwa yuko kundi gani, maana anaiona sahani yake. Aliyeambiwa chakula kipya kitamtoa gizani ana kila sababu ya kujibu kuwa kumekucha. Na pale walipoongezwa watu, habari ilibadilika. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa watu 1,025 katika nchi nne za Ulaya, waliofuatiliwa mwaka mzima kwa vidonge vya virutubisho na mafunzo ya ulaji, ili kuona kama sonona itazuilika. Haikuzuilika. Kabla ya hapo kulikuwa na bakteria mmoja aliyewatuliza panya vizuri mno mwaka 2011. Mwaka 2017 wakapewa wanaume 29, hawakutofautiana na waliomeza vidonge visivyo na kitu. Ni njia ile ile iliyopitiwa na SPf66: panya, kundi dogo, shangwe, kisha kurudia na kunyamaza. Tofauti ni kwamba chanjo ilisubirishwa mlangoni, na kopo limeshaingia kikaoni na kupewa kiti.

Halafu kuna swali la nini kilitangulia. Ubelgiji, mwaka 2019, uchunguzi wa watu zaidi ya elfu moja ulikuta aina fulani za bakteria zimepungua kwa wenye sonona. Sawa. Lakini mwenye sonona hali vizuri, halali vizuri, hatoki kutembea, na kila kimojawapo kinabadilisha tumbo. Mama wa kijijini aliyeacha kula tangu mafuriko, bakteria zake zikipungua utasema ndizo zilizomhuzunisha? Mpunga wake umekwenda na maji! Muuzaji amempima nini tumboni hata ajue upungufu wake ni bakteria na si gunia la mbegu?

Hapa ndipo hujibiwa kwamba basi, hata lisiposaidia, kopo halina madhara. Jibu hili limenichosha. Pemba walipewa watoto zaidi ya 24,000 madini ya chuma na foliki, vitu ambavyo kila mtu aliviona ni lishe tupu. Mwaka 2006 majibu yakaonyesha waliopewa walikuwa katika hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au kulazwa, na ugawaji wa madini hayo ulikuwa umeshasimamishwa kabla utafiti haujaisha. Uholanzi, mwaka 2008, wagonjwa mahututi wa kongosho walipewa bakteria hawa hawa wazuri. Walikufa asilimia 16, dhidi ya 6 ya wasiopewa. Tumbo la mgonjwa si mahali pa kubahatisha. Na madhara makubwa kuliko yote hayaandikwi kwenye lebo: ni mgonjwa kuambiwa aache amitriptilini aliyoandikiwa hospitali kwa kuwa "kemikali zinaua bakteria wazuri". Anayesema hivyo kwa mgonjwa wa sonona anacheza na uhai wa mtu, na huruma yangu kwake imekwisha. Kwamba kopo limeingia sokoni kwa jina la chakula haimpi ruhusa ya kulisemea kama dawa. Tangu mwaka 2019 chakula kipo chini ya TBS na dawa chini ya TMDA. Anayetangaza tiba na awapelekee TMDA ushahidi wake.

Cha kusikitisha zaidi, kikundi kile kilikuwa na kitu kilichopimwa mkononi bila kujua. Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, vijiji 30 viliingizwa kwenye jaribio lililochapishwa mwaka 2003. Wenye sonona walikaa kwa makundi mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa kawaida wa huko huko waliofundishwa kwa muda mfupi, wakizungumza juu ya misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Mwishoni waliobaki na sonona ni asilimia 6.5, katika vijiji visivyopata, asilimia 54.7. Harare, mwaka 2016, bibi waliofundishwa kukaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya zahanati walipata matokeo ya kushangaza vile vile, kwa watu 573. Ni jaribio juu ya jaribio, kwa watu wanaofanana na sisi, kwa gharama ya viti na muda. Watu wanaokutana kila wiki, wanaoaminiana kwa fedha, wanaojua shida za kila mmoja: VICOBA tayari ni nusu ya tiba hiyo. Iliyobaki ni mafunzo na mhudumu wa afya wa kuwasimamia.

Kama kweli tunaamini togwa au kisamvu vina neno la kusema juu ya huzuni, tulipime. Ifakara ina taasisi inayojua kazi hiyo kuliko karibu mahali popote Afrika Mashariki, Sokoine wanaijua togwa mpaka bakteria zake kwa majina, na Muhimbili kuna madaktari wa akili. Wizara ya Afya na COSTECH watoe fedha, jaribio lifanyike kwa wanawake na wanaume wa bonde hili, kwa idadi ya kutosha, na majibu yasomwe hadharani hata yakiwa sifuri. Mpaka siku hiyo, mwenye ndugu aliyekosa usingizi, hamu ya chakula na hamu ya kuishi kwa zaidi ya wiki mbili ampeleke hospitali, na dawa aliyoandikiwa asiiache bila kumuuliza aliyeiandika.