Notisi ya Kuhama Isiwe Hukumu

Miongoni mwa mambo yanayowakosesha watu usingizi katika mji wa Juba, makao makuu ya Jamhuri ya Sudan Kusini, ni kipande kidogo cha karatasi kinacholetwa mlangoni, au pengine neno moja tu linalotamkwa uani wakati wa jioni: "Hameni." Mara nyingi karatasi hiyo haina muhuri wala haitaji sheria yoyote. Mpangaji huambiwa kuwa nyumba inahitajiwa na mwenyewe, au kwamba amepatikana mtu wa kulipa zaidi, au kwamba kuanzia mwezi ujao kodi itapokelewa kwa dola na si kwa pauni. Siku anazopewa huhesabika kwa vidole. Hapo ndipo safari ya kutafuta makao mapya inapoanza, na safari hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumzia leo, kwani tunaamini kuwa jambo hili si la watu wawili tu, mwenye nyumba na mpangaji wake. Ni jambo la taifa zima.

Yafaa kwanza tukumbuke kuwa mji wa Juba wenyewe ulizaliwa kwa notisi ya kuhama. Katika miaka ya 1920 wakoloni wa Kiingereza waliwaamuru Wabari waliokuwa wakiishi mahali hapo waondoke, ili pajengwe mji mpya wa kuwa makao ya Jimbo la Mongalla. Mwaka 1929 wafanyabiashara wa Rejaf walihamia katika mji huo, na mwaka 1930 ofisi ya gavana nayo ikahamia. Wenyeji hawakuulizwa. Mambo hayo yamepita, lakini mbegu iliyopandwa siku ile imeota na kuzaa, na hadi leo suala la nani ana haki ya kukaa wapi katika Juba halijapata jibu linalowaridhisha wote.

Vita viliuzidisha ugumu huo. Mwaka 1983 wakazi wa Juba walikuwa hawajafika 100,000. Mkataba wa Amani ulipotiwa sahihi jijini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, watu walianza kurudi kutoka Khartoum, Uganda, Kenya, Kongo na Ethiopia. Hesabu ya watu ya mwaka 2008 ilikuta wilaya ya Juba ina watu zaidi ya 360,000, na wengi walifuata baada ya uhuru wa tarehe 9 Julai 2011. Pamoja na wananchi hao walikuja wageni wenye kutafuta riziki: mafundi wa Kiganda, madereva wa Kikenya, wachuuzi wa Kikongo, Waeritrea na Waethiopia wenye hoteli. Viwanja vilivyopimwa havikuongezeka kwa kasi hiyo hiyo. Matokeo yake ni kuwa chumba cha mabati katika Munuki, Kator au Gudele kikawa mali adimu, na penye uhaba walanguzi hawakosi.

Mwaka 2009 serikali ya Jimbo la Equatoria ya Kati iliendesha ubomoaji wa makazi yaliyojengwa pasipo kibali, na maelfu ya watu wakajikuta nje. Nia iliyotajwa ilikuwa kuupanga mji, na kwa hakika mji hauna budi kupangwa. Lakini mtu aliyebomolewa nyumba yake bila ya kuonyeshwa pengine pa kwenda hawezi kutoweka kama moshi. Huenda hatua mia mbele akajenga tena kibanda kile kile, au huingia katika kundi la wapangaji na kugombea nao vyumba vilivyopo. Kwa hiyo kila nyumba inayobomolewa pasipo mpango huipandisha kodi ya nyumba iliyobaki.

Hebu sasa tumfikirie mpangaji wa kawaida, mwalimu wa shule ya msingi au muuguzi, mwenye mke na watoto wanne, aliyepewa wiki mbili kuhama. Jambo la kwanza ni kumtafuta dalali. Dalali naye anataka chake kabla ya kuinua mguu. Nyumba ya kwanza anayoonyeshwa iko karibu na kazi yake, lakini mwenyewe anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, tena kwa dola. Nyumba ya pili ni nafuu, ila iko mbali upande wa Gurei, au ng'ambo ya mto kule Gumbo na Sherikat, na nauli ya pikipiki kwa mwezi itakula tofauti yote ya kodi. Nyumba ya tatu haina maji. Itambidi ajaze mapipa kutoka kwa magari ya kuuza maji. Ya nne ni nzuri na bei yake si mbaya, lakini kabla ya kutajiwa bei anaulizwa swali lisilohusu kodi hata kidogo: "Wewe ni kabila gani?" Wakati huo wiki mbili zimekwisha, masika yameanza, na vitanda vya watoto viko nje.

Mwalimu huyo analipwa mshahara wake kwa pauni, akilipwa. Sote twajua kuwa katika mwaka 2024 watumishi wengi wa serikali walikaa miezi mingi bila ya kuona mshahara, baada ya bomba la mafuta lipitalo Sudan kuharibika kwa sababu ya vita vya huko. Pauni yenyewe imeporomoka. Kabla ya Desemba 2015 bei rasmi ya dola moja haikuzidi pauni 3. Serikali ilipoiachia pauni ifuate nguvu za soko, dola ikaruka kwa siku moja hadi pauni 18 na ushei. Na ilipofika mwaka 2024 dola moja ilikuwa inahesabiwa kwa zaidi ya pauni elfu moja. Kumdai dola mtu alipwaye kwa pauni ni sawa na kumwambia ahame, ila kwa maneno ya adabu zaidi.

Lakini tusiwe watu wa kuangalia upande mmoja wa shilingi. Wenye nyumba wa Juba si wote makabaila. Wapo wakubwa waliojilimbikizia viwanja na kujenga majumba ya kuyakodisha mashirika ya kigeni, na hao ndio waliozoesha mji kodi za dola. Wapo pia wajane na wazee ambao mali yao pekee ni vyumba vitatu vya udongo nyuma ya nyumba zao. Mama wa namna hiyo akipokea kodi ya mwaka mzima kwa pauni mwezi Januari, ifikapo Juni fedha ile huenda isimtoshe hata kununua gunia la unga wa mahindi. Anaposhikilia dola anajikinga na njaa, wala hatuwezi kumwita mnyonyaji. Hapa ndipo ilipo taabu yenyewe: wanyonge wawili wamefungiwa chumba kimoja, na kila mmoja anamwona mwenzake kuwa ndiye adui.

Kuna na jambo jingine zito zaidi, ambalo ni tunda la vita vya Desemba 2013 na Julai 2016. Watu wengi walikimbia nyumba zao katika mitaa ya Juba, wakaenda kujihifadhi chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa au nje ya nchi. Nyuma yao nyumba zikaingiwa na wengine, na baadhi ya hao wakazipangisha. Mpangaji aliyekuja baadaye hakujua lolote. Alionyeshwa mlango, akalipa, akapewa ufunguo. Baada ya mapatano ya amani ya Septemba 2018 wenye nyumba wa kweli wameanza kurudi, na hati zao mkononi. Je, mwenye nyumba huyo aambiwe asubiri? La hasha. Amekwisha kusubiri vya kutosha. Lakini je, mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita kwa mtu asiyestahili kuipokea atupwe nje usiku huo huo, naye hana kosa? Palipo na haki mbili zinazogongana, nguvu haiwezi kuwa mwamuzi. Hapo panahitajika baraza.

Wengine watasema kuwa Katiba imekwisha kutoa jibu. Ni kweli kwamba Katiba ya Mpito ya mwaka 2011, katika kifungu cha 34, inamtambulia kila raia haki ya kupata makazi bora, na inasema kuwa mtu asiondolewe katika makao aliyoyapata kwa njia ya halali, wala asibomolewe nyumba, isipokuwa kwa kufuata sheria. Sisi twasema kuwa chumba kilicholipiwa kodi ni makao yaliyopatikana kwa njia ya halali, hata kama aliyelipa hana hati ya kiwanja. Iko pia Sheria ya Ardhi ya mwaka 2009, iliyogawa ardhi katika mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya watu binafsi. Sheria hizo ni msingi mwema. Lakini msingi si nyumba. Mpangaji wa chumba kimoja hawezi kuibeba Katiba kwapani akamwonyesha askari aliyekuja na mwenye nyumba alfajiri. Anahitaji mahali pa karibu pa kupeleka shauri lake, pasipo gharama kubwa, na likasikilizwa kabla vyombo vyake havijatolewa nje.

Katika jambo hili majirani wa Sudan Kusini wana mengi ya kufundisha, kwa mema yao na kwa makosa yao. Nchini Tanzania, Aprili 1971, serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, ikayakabidhi kwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1984 ikatungwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Wapangaji wengi walipata nafuu. Lakini kodi zilipokuwa ndogo kupita kiasi, majengo yalikosa matengenezo, na yule aliyetaka chumba mjini aliombwa kilemba kwa siri. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Nchini Kenya lipo baraza la kusikiliza mashauri ya kodi, nalo ni jambo jema. Ila sheria yake inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichoachwa vile vile miaka mingi hata wapangaji walio wengi wakabaki nje ya kinga yake. Nayo Uganda ilipitisha mwaka 2022 sheria ya wenye nyumba na wapangaji, inayomzuia mwenye nyumba kupandisha kodi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na kumkataza kumtoa mpangaji pasipo amri ya mahakama.

Funzo tunalolipata ni hili. Kuzuia kodi kwa amri na kuisahau miaka ishirini hakujengi nyumba. Lakini kumwacha mpangaji peke yake sokoni nako si uhuru, ni kumtupa. Lililo la maana ni utaratibu: mtu ajue mapema atahama lini, kwa sababu gani, na nani ataamua wakibishana.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila upangaji uandikwe, hata kama ni kwa karatasi ya daftari, mbele ya mzee wa mtaa, na notisi ya kuhama isipungue miezi mitatu kwa familia iliyolipa kodi yake. Pili, kodi za nyumba za wananchi wa kawaida zitajwe na kulipwa kwa pauni, lakini ziruhusiwe kurekebishwa kila baada ya miezi michache kwa kadiri ya bei za vitu, ili yule mjane tuliyemtaja naye asidhulumiwe. Tatu, yaundwe mabaraza ya nyumba katika Juba, Munuki na Kator, yenye wajumbe kutoka kwa wapangaji na kwa wenye nyumba, yatakayofanya kazi bega kwa bega na mahakama za machifu ambazo wananchi wamezizoea. Mabaraza hayo ndiyo yaamue pia mashauri ya nyumba zilizoingiwa wakati wa vita, yakimpa mwenyewe nyumba yake na kumpa mpangaji asiye na hatia muda wa kujistahi na njia ya kumdai aliyempokonya fedha. Nne, viwanja vipimwe na vigawiwe kwa haki, kwa kushauriana na jamii ya Wabari ambao ardhi ni yao tangu zamani. Kwani nyumba zikiwa nyingi, dalali atapungukiwa na kiburi.

Tunajua kuwa mwaka 2011 serikali iliamua makao makuu yahamishiwe Ramciel, na moja ya sababu ilikuwa mivutano ya ardhi katika Juba. Lakini kuuhama mji si kuitatua haki ya wakazi wake. Mivutano hiyo hiyo itawangoja wananchi Ramciel endapo haitapatiwa dawa Juba.

Sudan Kusini ilitia sahihi mkataba wa kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki jijini Dar es Salaam, Aprili 2016. Tangu hapo Mganda au Mtanzania anayepanga chumba Juba, na mtoto wa Juba anayepanga Kampala au Nairobi, wako katika jumba moja kubwa. Haki tunayomtakia mwananchi wetu ugenini ndiyo haki tunayopaswa kumpa mgeni nyumbani. Watu wa Sudan Kusini, kuliko watu wengi wengine, wanajua maana ya kuamka usiku na kubeba mtoto na godoro. Walipigana miaka mingi ili wapate pao wenyewe. Itakuwa ni huzuni kubwa iwapo, baada ya kupata nchi, mtu atakosa mlango wa kufunga usiku kwa sababu tu ya kipande cha karatasi kisicho na muhuri. Serikali ina wajibu, wenye nyumba wana wajibu, na wapangaji nao wana wajibu wa kulipa na kutunza. Kila mmoja atimize wake, na notisi ya kuhama itabaki kuwa taarifa tu, wala haitakuwa hukumu.