Mgeni wa gari la umeme na soketi ya sebuleni

Wiki hii tunazungumzia mgeni wa aina mpya. Ametoka Dar es Salaam na familia yake kwa gari la umeme lililotumika Japani, amepanda Mlima Kitonga, na amefika Iringa betri ikiwa karibu kwisha. Kesho anataka kuwahi shughuli Mbeya. Baada ya salamu na chai, swali lake la kwanza ni: "Kaka, nichomeke wapi?"

Mgeni huyu tunampenda, na haki yake tunaijua. Lakini nyumba nayo ina haki, na watoto waliolala ndani yake wana haki kubwa zaidi.

Tuanze na hesabu. Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230. Plagi ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, yaani takriban kilowati 3 kwa kiwango cha juu kabisa. Pasi hutumia nguvu inayokaribia hiyo kwa vipindi vifupi, lakini gari huvuta umeme usiku kucha bila kupumzika. Ndiyo maana chaja nyingi za kuchomeka kwenye soketi ya kawaida huvuta kiasi cha ampea 10, yaani kilowati 2.3. Kwa usiku wa saa kumi, mgeni wetu atapata takriban uniti 23, zinazotosha safari ya zaidi kidogo ya kilomita 100. Kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, tena kwa njia ya vilima. Usiku mmoja hautoshi.

Hapo ndipo watu huanza kubuni. Mmoja huunganisha waya kutoka soketi mbili ili nguvu iongezeke. Mwingine huondoa fyuzi akaweka kipande cha shaba, au hubadilisha sakiti breka akaweka kubwa, ilhali waya uliomo ukutani ni uleule mwembamba. Tufahamu kwamba mkondo wa umeme ukiongezeka mara mbili, joto kwenye waya huongezeka mara nne. Fyuzi haikuwekwa kutukomoa. Imewekwa ili iungue yenyewe kabla nyumba haijaungua. Ekstensheni nayo ikiachwa imeviringwa, au ikipitishwa chini ya mkeka, joto lake hukosa pa kutokea.

Njia salama ya kuharakisha ipo, nayo huanzia kwenye boksi la umeme. Fundi mwenye leseni ya EWURA huvuta laini ya pekee kwa ajili ya gari, kama ile ya jiko la umeme: waya mnene wa milimita za mraba 6 au zaidi kulingana na umbali, breka yake yenyewe, kifaa kinachokata umeme unapovuja, na waya wa ardhini uliopimwa. Laini ya namna hiyo, ikiwa na chaja ya ukutani ya ampea 32, hutoa kilowati 7 hivi. Betri ya uniti 40 ambayo kwenye soketi ingechukua zaidi ya saa 17, hapo hujaa kwa takriban saa sita. Lakini kwanza tuulize gari lenyewe linapokea kiasi gani, kwani mengine hayapokei zaidi ya kilowati 3.3 na chaja kubwa haitayasaidia. Tusome pia maandishi kwenye chaja iliyotoka Japani, kwa kuwa soketi za kawaida za huko ni za volti 100. Isiyoandikwa kwamba inafaa kwa volti 230 isichomekwe.

Kwa asiye na laini hiyo, subira ndiyo chaja yake. Achomeke mapema, mchana, wakati watu wako macho. Baada ya nusu saa aguse plagi: ikiwa ya moto, au ikinuka plastiki, azime kwanza kwenye chaja ndipo achomoe. Masika yakiwa yamepamba moto, kiungo cha waya kisilale kwenye maji.

Mgeni naye akumbuke LUKU ya mwenyeji. Kaya iliyo katika daraja la matumizi madogo haipaswi kuvuka uniti 75 kwa mwezi. Kujaza betri ya uniti 40 mara mbili tu kunaivusha. Kununua umeme kabla ya kuuomba ni adabu.

Mtume (S.A.W.) alituusia tusiache moto ukiwaka majumbani tunapolala. Waya unaoungua taratibu ukutani ni moto pia, ila hauonekani. Heri mgeni alale siku mbili kwetu, tule naye, afike Mbeya salama, na arudipo aikute nyumba yetu imesimama, In shaa Allah.