Divai ya Ugiriki ipimwe mezani

“Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,” walisema wahenga. Lakini yeyote atakayeichunguza hali ya divai za Ugiriki ataona kwamba methali hii, kwa upande huu, ina walakini. Nchi hiyo imekuwa ikikamua zabibu tangu maelfu ya miaka kabla ya kuzaliwa Kristo, na aina zake za mizabibu ya kienyeji zinakadiriwa kupita 200. Hata hivyo, mnywaji wa London au wa Nairobi akitajiwa divai, ulimi wake hukimbilia Chardonnay, Merlot na Cabernet Sauvignon, majina yaliyotoka Ufaransa. Assyrtiko, Xinomavro, Moschofilero na Malagousia humtoka kwa kigugumizi, iwapo amewahi kuyasikia. Uzuri upo, kilichoadimika ni wa kuujua.

Kwa maoni yangu, kosa limo katika mahali tunapozipimia divai hizi. Hazikukuzwa ili zionjwe pekee, funda baada ya funda, mbele ya majaji wanaotia alama. Zilikua pamoja na chakula cha nyumbani, na kuzitenga na chakula hicho ni sawa na kulifasiri neno pasipo sentensi yake.

Tuanze na kisiwa cha Santorini. Udongo wake ni majivu ya volkano iliyolipuka yapata miaka 3,600 iliyopita. Mvua ni haba, na upepo wa bahari huvuma kwa nguvu hata wakulima wakalazimika kuyasuka matawi ya mzabibu chini, mviringo mithili ya kikapu, ili zabibu zijifiche ndani. Kisiwa hicho kilinusurika na mdudu filoksera, aliyeiangamiza mizabibu ya Ulaya tangu karne ya 19. Hapo ndipo inapostawi Assyrtiko, zabibu nyeupe isiyopoteza uchachu wake hata jua lichome vipi. Udongo huo huo huzaa aina ya kunde ndogo za manjano, ambazo mpishi huzichemsha hadi ziwe rojo, akazimiminia mafuta ya zeituni na kuzinyunyizia vitunguu vibichi. Chakula hicho ni kitamu lakini ni kizito, na hukinaisha upesi. Funda moja la Assyrtiko huyakata mafuta mdomoni, kama ndimu inavyoyakata katika samaki wa kukaanga, na mlaji akawa tayari kwa tonge la pili.

Kaskazini, katika vilima vya Naoussa huko Makedonia ya Ugiriki, hukua Xinomavro. Jina lenyewe ni onyo, kwani maana yake ni “nyeusi chachu”. Anayeionja bila chakula hukunja uso, maana pamoja na uchachu wake ina ule ukakasi unaoukaza ulimi kama ndizi mbichi. Aghalabu wageni huishia hapo na kutoa hukumu. Laiti wangengojea chungu kiteremshwe! Wagiriki wana pishi la nyama inayochemka polepole kwa vitunguu vidogo vizima, nyanya, siki na mdalasini. Ukiinywa Xinomavro kwa nyama hiyo, ukakasi hushikana na protini ya nyama badala ya kuung’ang’ania ulimi, na uchachu wa nyanya hukutana na uchachu wa divai pasi na mmoja kumshinda mwenziwe. Divai laini isiyo na uchachu, ingawa ni ya bei ghali, ingepwaya mbele ya siki na nyanya hizo.

Divai iliyodhulumiwa zaidi ni retsina, ambayo wenyeji wake hasa ni watu wa Attika, mkoa unaouzunguka mji wa Athens. Hutengenezwa zaidi kwa zabibu za Savatiano na hutiwa utomvu wa msonobari inapochachuka. Desturi hii ina mizizi ya kale, wakati utomvu ulipotumiwa kuiziba mitungi ya udongo isipitishe hewa. Katika karne ya 20, retsina hafifu waliyouziwa watalii iliichafulia jina, na hadi leo wapo wanaodhani kwamba divai yote ya Ugiriki hunukia msonobari. Lakini tarehe 25 Machi, ambayo ni sikukuu ya taifa, nyumba nyingi za Wagiriki hukaanga samaki wa chumvi na kumla kwa rojo la vitunguu saumu. Ni divai gani ya kifahari itakayokihimili kishindo cha vitunguu saumu hivyo? Retsina nzuri hukihimili.

Walimu watatambua kwamba hapa pana kanuni zinazofundishika. Uchachu huitika uchachu. Ukakasi hutaka nyama. Na mwishoni, chakula kitamu kama baklava hutaka divai iliyo tamu kukizidi, mathalani ile ya Muscat itokayo kisiwa cha Samos. Isitoshe, Wagiriki hupenda kuandaa vyakula vingi kwa pamoja katikati ya meza, kila mtu akachota atakacho. Divai ya meza ya namna hiyo lazima ijue kupatana na wengi. Moschofilero ya uwanda wa juu wa Mantinia, nyepesi na yenye harufu ya waridi, haigombani na mboga za kondeni zilizokamuliwa limau wala na wali uliofungwa katika majani ya mzabibu.

Je, kuna hasara gani majina haya yakisahauliwa? Kisa cha Malagousia chatosha kuwa jibu. Zabibu hii ya magharibi mwa Ugiriki ilikuwa imekaribia kutoweka. Katika miaka ya 1970, mwalimu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Thessaloniki, Vassilis Logothetis, aliikusanya pamoja na aina nyingine na kuipanda katika shamba la Porto Carras, huko Halkidiki. Aliyekuwa mwanafunzi wake, Evangelos Gerovassiliou, aliitengenezea divai na baadaye akaipanda katika shamba lake la Epanomi. Leo Malagousia inalimwa sehemu nyingi za nchi hiyo. Mwalimu aliokota, mwanafunzi akapokea. Mmojawapo angalizembea, leo tungekuwa na jina tu vitabuni.

Wapo watakaosema kwamba soko ndilo hakimu, na kisichonunuliwa na kife. Mimi nasema soko huhukumu kile linachokijua tu. Huko Santorini kwenyewe mizabibu inazidi kupisha hoteli, na mzabibu mkongwe ukishang’olewa haurudishwi kwa majuto.

Kalamu hii haimwiti mwanafunzi kwenye kileo, wala haimshawishi yule ambaye dini yake imemkataza. Hata hivyo, wanafunzi wa historia wanakijua kitabu cha Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Mwandishi wake, akiieleza pwani yetu aliyoiita Azania, anasema kwamba mabaharia walileta mahali pengine divai na ngano, wasikusudie kuziuza, bali kujipatia wema wa wenyeji. Ngano na divai zilikwenda sanjari, chakula na kinywaji chake, na thamani yake ilikuwa katika ukarimu.

Kwa hiyo, mwenye kutaka kuzijua divai za Wagiriki asianzie kwenye orodha ya washindi wala kwenye bei. Na apike kwanza, awakaribishe jamaa na majirani, kisha ndipo afungue chupa.