Utabiri Ufike Mwaloni Kabla ya Jua Kuzama

Aliyewahi kuishi Suguti wakati wa masika anazijua siku za namna hii, ambazo huja nne au tano kwa mfululizo na hakuna inayofanana na mwenzake. Siku ya kwanza huamka kweupe, ziwa limetulia kama mafuta chunguni. Kufika saa nane mchana mawingu yamekwisha kujijenga upande wa mashariki, juu ya nchi kavu, na radi inasikika kwa mbali. Siku ya pili mvua huingia alfajiri ikitokea ziwani, ikakatika saa nne, na jua likawaka kana kwamba hapajatokea kitu. Ya tatu ni upepo mtupu pasipo tone. Ya nne watu huwa wamekata tamaa ya kukisia.

Wenzetu wa nchi za baridi nao wana majira yao ya kigeugeu kila mwaka, na wanachopoteza aghalabu ni matembezi ya siku moja. Huku kwetu hesabu ni nyingine. Mama aliyeanika mihogo yake ili apate udaga huanua na kuanika mara tatu kwa siku, na bado akakuta imeota ukungu. Mkulima mwenye pamba iliyoanza kupasuka huitazama ikilowa na kushuka daraja kabla haijafika sokoni. Na mwanamke wa mwaloni aliyenunua dagaa kwa mkopo alfajiri anahitaji jua la siku moja nzuri tu. Asipolipata, dagaa wale huvunda, na walionunuliwa kwa bei ya chakula cha watu huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Deni, hata hivyo, hubaki lile lile.

Hasara hizo ni kubwa, nasi hatuzibezi. Lakini mihogo hupandwa tena na deni hulipwa hata kwa kuchelewa. Tunalotaka kulisema leo linahusu watu wanaotoka Kusenyi na mialo mingine ya pwani hii jioni ya siku kama hizo, wakiwa na taa zao na nyavu zao, ambao baadhi yao hawarudi.

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Ni ziwa pana lakini si la kina kirefu. Wastani wa kina chake ni kiasi cha mita 40 tu. Upepo ukilipiga ghafla, mawimbi yake huwa mafupi, yenye kusimama wima na kufuatana upesi, na mtumbwi wa mbao uliojaa nyavu na watu haupati nafasi ya kupumua kati ya wimbi moja na jingine. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hupoteza maisha kila mwaka katika ziwa hili, kwa nchi zote tatu zinazolizunguka. Tunasema makadirio kwa sababu daftari kamili halipo. Mvuvi kibarua aliyetoka mkoa mwingine, anayejulikana mwaloni kwa jina la utani, anaweza kuzama na asiandikwe popote.

Yafaa ieleweke kwamba hatari hii haina uchawi ndani yake, wala si jambo lisilotabirika. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani kuingia bara, na mawingu ya radi hujengeka juu ya vilima vyetu. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto lake, na pepo za kutoka pande zote za pwani huteremka na kukutana katikati ya ziwa. Hapo ndipo dhoruba kubwa huzaliwa, kati ya usiku wa manane na asubuhi, saa zile zile ambazo mvuvi wa dagaa yuko kazini. Mwaka 2016 watafiti walioongozwa na Wim Thiery walichapisha uchunguzi wao juu ya dhoruba za ziwa hili, na waligundua kwamba mchana wenye radi nyingi nchi kavu mara kwa mara hutangulia usiku wa hatari majini. Kwa maneno mengine, mawingu tunayoyaona saa nane juu ya mashamba ni barua iliyoandikwa kwa ajili ya wale watakaokuwa ziwani saa nane ya usiku. Wazee wetu walisema dalili ya mvua ni mawingu, na sayansi haikuwapinga.

Basi utabiri unawezekana, na kwa hakika upo. Mamlaka ya Hali ya Hewa inayo rada Mwanza, na hutoa utabiri wa ziwa kila siku. Mradi wa kikanda uliosimamiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulioanza mwaka 2017, ulizisaidia nchi za ziwa kutoa taarifa kwa wavuvi kwa maeneo na kwa nyakati za siku, na tathmini yake ilikadiria kwamba vifo vinavyotokana na hali mbaya ya hewa vilipungua kwa asilimia 30 hivi. Hilo si jambo dogo, na waliolifanya wanastahili shukrani.

Lakini utabiri wanaoujua watu wengi ni ule unaosomwa baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na saa mbili usiku chombo cha dagaa kimekwisha ondoka. Aliyebaki nyumbani kuusikiliza ni mke wa mvuvi. Anaambiwa mikoa ya Kagera, Geita, Mwanza, Simiyu na Mara itakuwa na mvua na ngurumo katika maeneo machache na vipindi vya jua. Naye hana la kufanya na habari hiyo isipokuwa kukosa usingizi. Tunajua kwamba taarifa hupitia pia kwenye simu na kwenye redio za mikoani. Tunajua vilevile kwamba simu ya kibarua mara nyingi haina chaji, haina salio, au imeachwa nyumbani isije ikalowa.

Hata ikimfikia, ataifanyia nini? Hapa ndipo lilipo jambo zito, na ni afadhali lisemwe waziwazi. Katika mialo yetu, anayeamua kama chombo kitatoka si yule atakayepanda. Ni tajiri, mwenye mtumbwi, mashine, taa na nyavu, ambaye aghalabu analala kwake. Kibarua halipwi mshahara. Analipwa mgao wa kilichopatikana, na usiku asiotoka hapati kitu. Akikataa kutoka kwa sababu ya mawingu, yupo mwingine mchangani anayesubiri nafasi yake. Kwa hiyo kumwambia mvuvi ajihadhari na upepo, bila kumgusa anayemtuma, ni kumpa onyo mtu asiye na uamuzi. Dagaa huvuliwa katika giza la mwezi, na usiku wa giza katika mwezi una idadi. Tajiri huzihesabu siku hizo, na kila moja anayoikosa huiona imetoka mfukoni mwake.

Yatasemwa kwamba utabiri hukosea. Ni kweli. Mwalo ukifungwa usiku tatu na ziwa likabaki shwari, usiku wa nne hakuna atakayesikia, na huo ndio unaweza kuwa wenyewe. Hoja hii hatuipuuzi, na ndiyo maana hatusemi kwamba kila wingu lizuie chombo. Tunasema ziwepo jioni chache, zile ambazo Mamlaka imetoa onyo la upepo mkali na mawimbi makubwa kwa eneo letu, ambazo kutoka si hiari ya mtu mmoja. Uingereza ilianza kupandisha ishara za dhoruba katika bandari zake mwaka 1861, chini ya Robert FitzRoy. Wapo wenye vyombo walionung'unika kuwa zinawapotezea siku za kazi, na baada ya kifo chake mwaka 1865 ishara zile zilisimamishwa. Hazikukaa chini muda mrefu. Watu wa bahari wenyewe walizidai zirudi. Zilikuwa zikikosea wakati ule kuliko zinavyokosea sasa, na bado walizitaka.

Mkoa huu una sababu zake za kukumbuka. Mwezi wa Julai 2023, katika kata ya Igundu wilayani Bunda, mitumbwi iliyokuwa imebeba watu waliotoka ibadani ilizama, na zaidi ya watu kumi walipoteza maisha, watoto wakiwemo. Hiyo ilikuwa safari fupi ya kurudi nyumbani. Ng'ambo ya ziwa, Novemba 6, 2022, ndege ya abiria iliyokuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa ilianguka majini na watu 19 wakafa. Waliofika kwanza, kwa mitumbwi na makasia, walikuwa wavuvi, na taifa zima liliwasifu. Nasi tunauliza: mvuvi akizama saa tisa ya usiku, kilomita nyingi kutoka nchi kavu, ni nani anayefika kwanza?

Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo kila mtu huviita BMU, vimo mialoni tayari. Vimezoea kukagua nyavu haramu na kuandikisha vyombo. Vipewe kazi moja zaidi. Utabiri wa usiku ule upokelewe na kikundi kabla ya saa kumi jioni, usomwe mwaloni kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kijita, na bendera ipandishwe mahali inapoonekana na wote. Bendera nyekundu ikipanda, chombo kisitoke. Na mwenye chombo atakayekitoa ahojiwe yeye, si nahodha wake. Aidha, jaketi okozi zihesabiwe kila jioni wakati wa kuondoka, maana zimezoea kuonekana siku ya ukaguzi tu. Ipo mialo ambako kiongozi wa kikundi ndiye huyo huyo mwenye vyombo vingi. Huko halmashauri haina budi kuweka afisa uvuvi awe mwenye neno la mwisho, hata kama hilo halitapendeza.

Gharama yake ni mlingoti, vitambaa viwili na mtu wa kuvipandisha. Kata ya Suguti inaweza kuanza na mwalo mmoja, Kusenyi, kabla ya giza la mwezi ujao, bila kungoja bajeti ya mwaka wa fedha wala mgeni rasmi wa kuzindua.