Wanasifu Jina, Wanamsahau Mshonaji



Dominika moja, baada ya misa ya pili, tulikuwa tumesimama mbele ya kanisa, kila mtu akiamkia jamaa zake, ndipo akaja kijana mmoja wa parokia yetu. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa mama yake angali hai na ana haya ya kutosha. Alivaa koti jeusi, upande mmoja ukishuka hadi gotini, upande wa pili ukiishia kiunoni. Pindo halikushonwa, nyuzi zilining'inia. Chini hakuvaa suruali. Alivaa sketi nyeusi ya kitambaa kizito na viatu vya askari. Watoto wakacheka. Mzee mmoja akatema mate na kusema kwamba dunia imekwisha. Kijana hakujali. Alitembea jinsi wale wa Kinshasa watembeavyo mbele ya mpiga picha, hatua moja, kisha kusimama, kisha hatua nyingine. Halafu akaligeuza koti ili tuone kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya kola.

"Papa, soma," akaniambia. "Ni Yohji."

Nikamwuliza huyo Yohji ni nani. Akanitazama kwa huruma. "Papa, Yohji ni Yohji."

Zaidi ya hapo hakujua kitu. Baadaye nilipata habari kwamba koti lile lilikodiwa kwa siku mbili, na falanga zilizolipwa zilikuwa zile alizokabidhiwa na mjomba wake apeleke shuleni kwa ajili ya dada yake mdogo, aliye katika sekondari. Kesho yake binti akarudishwa nyumbani. Na huyo mjomba, aliyewalea wote wawili tangu baba yao alipofariki, ni fundi mshonaji sokoni.

Najua wengi mnangoja niandike juu ya ile sketi. Sitafanya hivyo. Padri wetu huvaa kanzu hadi miguuni na hakuna atemaye mate. Wanaume wa Scotland huvaa sketi na ni askari hodari. Katika nguo zake za mwaka 1985 Mfaransa Jean Paul Gaultier aliwavika wanaume sketi jukwaani huko Paris, na makelele yaliyopigwa wakati ule yamekwisha kunyamaza. Yule mzee wetu aliyetema mate na asome tena Waraka wa Mtakatifu Yakobo, pale mtume anapowakemea Wakristu wanaompa mwenye pete ya dhahabu kiti cha mbele na kumsimamisha maskini pembeni. Anayemhukumu mtu kwa koti lililochanika na anayemsujudia kwa koti la bei kubwa wana ugonjwa mmoja.

Mimi nataka kuandika juu ya kile kitambaa kidogo cha ndani ya kola.

Tuanze basi na mtu ambaye jina lake limeandikwa pale. Yohji Yamamoto alizaliwa Tokyo mwaka 1943. Baba yake alipelekwa vitani na hakurudi. Mama yake, mjane wa vita, aliishi kwa kushona nguo za wanawake katika mtaa wa Kabukicho, na kwa sindano hiyo akamlea mwanawe na kumsomesha sheria katika chuo kikuu cha Keio. Mtoto alipomaliza hakutaka kuwa wakili. Aliingia katika duka la mama yake, kisha akaenda kujifunza ufundi wa kushona, na mwaka 1981 akaonyesha nguo zake Paris. Mwaka ule ule mwanamke mwingine wa Japani, Rei Kawakubo wa nyumba ya Comme des Garçons, alionyesha zake pia. Nguo zao zilikuwa nyeusi, pana, zenye pande zisizolingana, pindo bila kushonwa. Kawakubo alitoa hata sweta lenye matundu yaliyofumwa kwa makusudi. Waandishi wengine wa magazeti ya Ulaya waliwadhihaki, wakasema ni matambara ya watu waliookoka bomu. Leo nguo hizo zimewekwa katika majumba ya makumbusho. Mtindo wa namna hiyo Wafaransa huuita avangade, yaani kikosi kinachotangulia mbele ya jeshi.

Mwaona basi. Huyo ambaye vijana wetu wanalitangaza jina lake kama la mfalme ni mtoto wa mjane mwenye mashini ya kushona. Kama kijana yule angelijua hilo, labda angeona haya kumnyang'anya mjomba wake, ambaye naye ana mashini na amelea yatima. Lakini hakuambiwa. Jina lilimfikia likiwa tupu, bila mama, bila vita, bila miaka ya kujifunza. Na sweta lenye matundu! Mtoto wa kwetu akienda shule na sweta la namna hiyo, mama yake hulia usiku.

Jambo hili halikuanza na Yohji. Tukumbuke wakati wa Wabelgiji. Mtu mweusi aliyetaka kuhesabiwa miongoni mwa wale walioitwa evolue alichunguzwa pamoja na nyumba yake: anakulaje, analalaje, anavaaje. Mwaka 1948 ikatolewa karte ya sifa ya uraia, mwaka 1952 ikafuata ile ya kuandikishwa, na waliopewa walikuwa wachache mno. Kostimu na kravati zikawa kama cheti cha utu. Mtu anayelazimishwa kuonyesha nguo ili aitwe mtu, je, tushangae wajukuu wake wakiendelea kuonyesha nguo?

Kisha akaja Mobutu na siasa yake ya uasilia. Kostimu na kravati zikakatazwa, na wanaume wakavaa abakosti, koti lisilo na kravati, ambalo jina lake linatokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya kostimu ishuke chini. Ilikuwa siku zile zile, mwaka 1972, tulipokatazwa majina ya ubatizo, na Kardinali Malula aliyepinga akalazimika kwenda Roma. Wazee wenu wanakumbuka. Lakini jambo hili wachache wanalijua: abakosti zilizosifiwa kuliko zote, zile za wakubwa, zilishonwa na nyumba ya Arzoni huko Zellik, karibu na Brussels. Vazi la kukataa uzungu lilikatwa na makasi ya Ubelgiji! Fundi wa Kinshasa na fundi wa Lubumbashi walishona zile za watu wadogo.

Hapo ndipo vijana wa Kinshasa walipoleta ubishi wao. Wakati serikali ilipowaambia vaeni hivi, mwanamuziki Papa Wemba na wenzake wa Matonge walivaa vile. Sina budi kusema kweli: kulikuwa na ushujaa ndani yake. Ile Sape, yaani chama cha watu wa raha na umaridadi, ilikuwa na mizizi ya zamani ng'ambo ya mto, katika mtaa wa Bacongo huko Brazzaville, na wenyewe wana sheria zao: mtu awe safi, asipigane, aseme kwa adabu, rangi zisizidi tatu. Wa Kinshasa hawakupenda sheria hiyo ya rangi. Wao wamewafuata Wajapani, na siku hizi tunawaona wanafunzi wao hata huku kwetu mashariki. Katika nchi ambayo kijana anaweza kuchukuliwa na watu wenye silaha asubuhi moja, mimi namshukuru Mungu kwa kila kijana anayebeba mwavuli badala ya bunduki.

Lakini tazameni walikofika. Mmoja wao, aliyejiita Stervos Niarcos, aliuita mwendo huu dini, dini ya kitendi, maana yake ya kitambaa. Alikufa mwaka 1995, na kila mwaka mwezi wa pili wafuasi wake hukusanyika kwenye makaburi ya Gombe wakiwa wamevaa nguo zao bora, wakizionyesha juu ya kaburi. Papa Wemba naye aliitwa papa wa Sape, siyo papa ya baba, bali ile ya Roma. Watasema ni mchezo. Labda. Lakini mchezo ambao una kaburi la kuhiji, una papa wake, na unakula ada ya mtoto, siwezi kuuita mchezo tu.

Na katika dini hii Mungu ni nani? Siyo kitambaa, kwa maana kitambaa chenyewe hawakijui. Ulizeni ni sufi au pamba, bitana ni ya nini, mkono umetiwa namna gani kwenye bega: wengi hawawezi kujibu. Wanasujudia jina.

Sasa wageni nao wamekuja na kamera. Mwaka 2009 Mwitalia Daniele Tamagni alitoa kitabu cha picha za maridadi wa Bacongo, picha nzuri sana, sikatai. Kostimu ya waridi, kofia, sigara kubwa, na nyuma yake barabara ya vumbi, ukuta uliobomoka, mtoto peku. Tangu hapo magazeti mengi ya mavazi yamepiga picha za namna ile ile. Ninyi mtazameni vizuri ule ukuta. Ukuta ule umekuwa chumvi ya picha. Bila ukuta hakuna picha. Anayenunua gazeti huko London anaburudika kuona uzuri karibu na taabu, halafu anafunua ukurasa wa pili. Mshonaji Mwingereza Paul Smith alikipenda kitabu hicho, akaandika neno la mwanzo ndani yake, na nguo zake za wanawake kwa majira ya kuchipua ya 2010, zilizoonyeshwa jukwaani London, zilifuata zile picha. Sisemi mtu ameiba. Naye alikiri wazi alikopata wazo, na hiyo ni adabu. Nauliza tu: kati ya nguo zile zilizopita jukwaani, mishono mingapi ilipigwa Bacongo? Tulitoa miili ya kuvalisha na kuta za kusimamia. Sindano ilibaki kule kule ilikokuwa wakati wa Arzoni.

Mtaniambia: Ndugu, nguo za mafundi wetu si nzuri. Huo ni uvivu wa macho. Nimeketi mara nyingi katika kibanda cha yule mjomba. Anajua kukata kola ikalala shingoni bila kuinuka. Anajua kutia bitana isivute kitambaa. Alijifunza kwa masista wa misioni, kwa chaki na sentimetri, na kosa moja lilifumuliwa lote na kuanzwa upya. Akina mama bado wanamletea vitenge, na Mungu awabariki, ndio wanaomlisha. Wanaume je? Wanaume wanamletea suruali ya mtumba apunguze miguu, zipu iliyokufa, na mwezi wa tisa sare za watoto. Hajakata kostimu nzima ya mwanamume kwa muda mrefu. Mwanafunzi wake wa mwisho aliacha, akaendesha pikipiki ya kukodi. Fundi akifa, makasi yatauzwa, na ule ujuzi wa mkono tutauzika pamoja naye.

Wala msidhani nawasema vijana peke yao. Sisi wazee wa shirika, sisi wa kamati ya parokia, tukitaka kumwozesha mtoto tunaagiza kostimu ya bwana-arusi Dubai au China, tunakopa, kisha tunaweka jina la duka mbele ya macho ya wakwe. Hata kwa komunyo ya kwanza nimeona mama akilia kwa sababu gauni la binti yake lilishonwa hapa hapa, na la jirani lilitoka ng'ambo. Kijana wa koti jeusi alijifunza kwetu. Sisi tulikuwa na ukimya na mikopo ya siri, yeye akaja mbele ya kanisa akaigeuza kola yake waziwazi. Labda yeye ni mkweli kuliko sisi.

Katika Matendo ya Mitume kuna mama mmoja wa Yopa, Tabita, ambaye wengine humwita Dorkas. Alipokufa, wajane walisimama kuzunguka maiti wakilia, nao wakamwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa hai. Hao nao walionyesha nguo! Walizishika mkononi mbele ya mtume, kama vijana wa Gombe wanavyofanya kaburini. Lakini walichoonyesha ni kazi ya mtu waliyemjua, aliyekaa mtaani mwao, aliyewapima mabega. Petro akapiga magoti, akasali, akamfufua.

Kijana akipenda pindo lisiloshonwa na upande mmoja mrefu, basi na ampelekee mjomba wake mchoro. Mjomba atacheka kwanza, nina hakika, kisha atachukua chaki. Yohji naye alianza hivyo, katika duka la mama yake, si kwa kukodi. Nilimwambia kijana maneno haya siku chache baada ya ile Dominika. Alinyamaza, akaangalia viatu vyake. Ada ya dada yake ililipwa mwishowe na watu wa shirika, na binti amerudi darasani akiwa amekosa wiki mbili. Yeye kijana hajalipa bado.

Wiki iliyopita Padri alitangaza ndoa tatu zitakazofungwa mwezi ujao. Jana nilipita sokoni. Mjomba alikuwa akibadilisha zipu. Nikamwuliza kama kuna bwana-arusi yeyote aliyekuja kupimwa. Akaniambia bado.